Ufufuo na Marejeo ya Kristo katika Ukristo wa Masasi na Newala

Mafundisho ya Kikristo juu ya mambo ya mwisho, ambayo wanateolojia huyaita eskatolojia, yanasimama juu ya matumaini mawili ambayo Agano Jipya haliyatenganishi: kwamba wafu watafufuliwa, na kwamba Kristo aliyepaa atarudi kwa utukufu kuuhukumu ulimwengu. Mtume Paulo, alipowaandikia Wakristo wa Thesalonike waliohuzunishwa na vifo vya wenzao, aliyafunga matumaini hayo kwa fundo moja, kwa kuwa aliwahakikishia kwamba waliokwisha kufa hawatapitwa na siku ya kuja kwake Bwana, bali watakuwa wa kwanza kuinuka. Katika nchi ya Masasi na Newala, kusini mashariki mwa Tanzania, fundo hilo lililegea mapema. Ufufuo ulipokewa na ukakita mizizi kwa sababu ulijibu swali ambalo Wayao, Wamakua na Wamakonde walikuwa nalo kabla mmisionari yeyote hajafika, yaani swali la waliko wafu na deni lililopo kati yao na walio hai. Marejeo ya Kristo, kwa upande wake, yalibaki kwa muda mrefu katika kalenda ya kanisa na katika ungamo la imani la kila Jumapili, yakitamkwa na wote na kungojewa na wachache. Namna pengo hilo lilivyotokea, na namna wengine walivyokuja baadaye kulijaza, ni sehemu ya historia ya Ukristo wa kusini ambayo haijapewa uzito unaostahili.

Nchi yenyewe ina sura mbili. Masasi iko chini ya uwanda wa juu, upande wa magharibi, penye vilima vya mawe vilivyosimama kimoja kimoja, kikiwamo Mtandi ambako kanisa kuu la Kianglikana lipo mpaka leo. Newala iko ukingoni mwa uwanda wa Wamakonde, ikilitazama bonde la Ruvuma, juu ya mchanga unaoyanywa maji yote ya mvua hata watu wake wakalazimika kwa vizazi vingi kuteremka mabondeni kuyafuata. Katika pande zote mbili hakuna aliyedhani kwamba kifo humaliza habari za mtu. Wayao waliweka unga shinani mwa mti wa msolo na kuwataja wazee wao waliotangulia, na Duff Macdonald, mmisionari wa Kiskoti aliyeishi miongoni mwa Wayao wa Nyasa na kuchapisha kitabu chake mwaka 1882, aliona kwamba jina la Mulungu lilitumika kwa Muumba na pia kwa jumla ya roho za marehemu, bila mpaka ambao Mzungu angeutaka. Wamakonde waliziita roho hizo mahoka, na katika ngoma za jando walijitokeza wachezaji wa vinyago, ambavyo upande wa Newala huitwa midimu na ng'ambo ya Ruvuma huitwa mapiko. Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906, aliviandika na kuvichora vinyago hivyo. Nusu karne baadaye Jorge Dias na Margot Dias, waliochunguza Wamakonde wa Msumbiji, walieleza kwa kirefu kwamba wanawake na watoto walitakiwa kuamini kuwa aliyemo ndani ya kinyago si mtu wa kijijini, bali ni mfu aliyetoka kaburini.

Kwa hiyo habari ya mfu aliyeinuka haikuwa ya kuchekwa huko, kama ilivyochekwa na wanafalsafa wa Athene katika sura ya 17 ya Matendo ya Mitume. Jambo geni lilikuwa jingine. Mahoka ni wafu wa ukoo fulani: wana majina, wana wajukuu wa kuwaita, na hasira yao au baraka yao huwaangukia watu wao tu; mtu aliyekufa pasipo jamaa wa kumtaja huwa amepotea kabisa, au huzurura kama kitu cha kuogopwa. Mmisionari alidai kwamba mfu mmoja ameinuka, kwamba hatafi tena, na kwamba kwa ajili yake wafu wote watainuka siku moja, wenye ukoo na wasio na ukoo. Dai hilo lilikuwa na uzito wa pekee kwa wale waliolisikia kwanza, na ili kuuelewa uzito huo ni lazima kukumbuka walikuwa ni nani.

Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ambayo kwa kifupi hujulikana kama UMCA, ilizaliwa baada ya hotuba ya David Livingstone katika Chuo Kikuu cha Cambridge mnamo Desemba 1857, ikajaribu kukita kambi Magomero katika nyanda za mto Shire, ikampoteza huko askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, mwaka 1862, kisha ikahamia Unguja mwaka 1864 chini ya Askofu William Tozer. Mrithi wake, Edward Steere, yule aliyetafsiri Agano Jipya kwa Kiswahili na kujenga kanisa la Mkunazini mahali palipokuwa soko la watumwa, alisafiri mwaka 1875 kutoka Lindi hadi Mwembe kwa Mataka, mtawala wa Wayao, akitafuta njia ya kuelekea Ziwa Nyasa. Mwaka uliofuata alirudi bara pamoja na kundi la watumwa waliokombolewa, wengi wao wakiwa wamekamatwa utotoni katika nchi za ziwa na kupitishwa njia ya Kilwa. Shabaha ilikuwa kuwarudisha karibu na kwao, lakini walipofika Masasi mwezi Novemba 1876 waliiona nchi ina maji na rutuba, wakaomba kubaki. Hivyo Kanisa la kwanza la Masasi lilikuwa Kanisa la watu waliong'olewa katika koo zao, wasiojua makaburi ya wazazi wao yako wapi, na waliowaona wenzao wakiachwa njiani pasipo kuzikwa au wakitoswa baharini kutoka majahazini.

Swali la mwili usio na kaburi ni kongwe katika Ukristo. Risala juu ya ufufuo iliyohusishwa na Athenagoras wa Athene katika karne ya 2 ilijishughulisha na mtu aliyeliwa na mnyama, na kitabu cha mwisho cha maandiko makuu ya Augustino wa Hippo juu ya Mji wa Mungu, kilichokamilika karibu na mwaka 426, kilirudi kwenye fumbo hilohilo: kama mwili uliliwa na samaki au simba, Mungu ataurudisha kutoka wapi? Jibu la wote wawili, kwamba aliyeumba kutoka pasipo na kitu hashindwi kukusanya kilichotawanyika, huonekana kavu linaposomwa chuoni. Katika jamii ambayo nusu ya wafu wake walilala vichakani kati ya Nyasa na Kilwa halikuwa kavu hata kidogo. Sura ya 20 ya Ufunuo, inayosimulia bahari ikiwatoa wafu waliomo ndani yake, nayo ilipata hapo wasomaji waliojua inazungumzia nini.

Utulivu wa Masasi ulidumu miaka sita. Mnamo Septemba 1882, majuma machache tu baada ya Steere kufariki Unguja, Wangoni walioitwa Magwangwara waliivamia stesheni, wakaua baadhi ya watu, wakachoma nyumba na kuteka wengine. Chauncy Maples, aliyekuwa msimamizi wa kazi pale, aliwaongoza waliosalia, na makao ya misheni yakahamia kwa muda Newala, kwa Matola, mtawala wa Kiyao aliyekuwa rafiki wa misheni. Uhamisho huo wa dharura ndio ulioupeleka Ukristo uwandani kwa kishindo zaidi kuliko mpango wowote uliokuwa umeandikwa. Mwaka 1886 Cecil Majaliwa, aliyekombolewa utotoni na kusomeshwa katika chuo cha misheni cha Kiungani, Unguja, alipelekwa Chitangali kwa Nakaam, mtawala wa huko, na mwaka 1890 akapewa daraja la upadri na Askofu Charles Smythies, akiwa Mwafrika wa kwanza kulipokea katika misheni hiyo. Matokeo ya kazi yake kwa miaka kumi na mmoja yalizidi yale ya Wazungu wengi waliomzunguka, na sababu mojawapo ni dhahiri: mahubiri ya kaburi tupu yalitolewa kwa Kiyao na mtu aliyejua jinsi Wayao wanavyozika.

Namna Ukristo huo ulivyoyafasiri Maandiko ilitokana na tawi la Uanglikana lililouzaa. UMCA ilikuwa mtoto wa Harakati ya Oxford, mwamko ulioanza mwaka 1833 na kulirudisha Kanisa la Uingereza kwenye sakramenti, mapambo ya altare, maungamo na heshima kwa watakatifu. Ibara ya 22 kati ya Ibara 39 za Kanisa hilo ililaani mafundisho ya Kiroma juu ya toharani, mahali pa kutakaswa roho baada ya kifo, lakini mapadri wa mrengo huu walijitetea kwamba kilicholaaniwa ni upotofu wa zama zile, wala si sala kwa marehemu, ambazo Kanisa la kale lilizijua. Kwa hiyo Wakristo wa Masasi na Newala walifundishwa kwamba kati ya kifo na ufufuo kuna hali ya kungoja, ambamo roho ya marehemu imo mkononi mwa Mungu lakini bado haijavikwa mwili, na kwamba walio hai wanaweza kuisaidia kwa sala na kwa misa. Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilia, walioanzisha misheni ya Lukuledi mwaka 1895, kisha Nyangao, na baadaye Ndanda mwaka 1906, walifundisha jambo hilo kwa uthabiti zaidi na kwa jina lake la toharani. Madhehebu hayo mawili, yaliyogombania vijiji na shule kwa zaidi ya nusu karne, yalikubaliana katika hilo bila kukaa meza moja, na matokeo yake ni kwamba tarehe 2 Novemba, Siku ya Marehemu Wote, ikawa miongoni mwa siku zilizoeleweka upesi kuliko zote katika mwaka wa Kanisa.

Upesi huo ulikuwa na gharama yake. Padri aliyeyasoma majina ya marehemu mbele ya altare alikuwa anafanya kazi iliyofanana kwa nje na ile ya mzee aliyeyataja majina chini ya msolo, na ingawa tofauti ilikuwa kubwa, kwa sababu mmoja aliwaomba wafu na mwingine aliwaombea, si kila mwombolezaji aliiona. Mapadri wenyewe hawakuhangaika sana. Walichohangaikia ni hofu: kwamba Mkristo akiugua atamkimbilia mganga amwambie ni mzimu gani uliokasirika. Dhidi ya hofu hiyo waliutumia ufufuo kama habari kwamba wafu wana Bwana, na kwamba Bwana huyo amewafunga kamba wasiwadhuru walio hai. Ni tafsiri inayoweza kutetewa kwa sura ya 15 ya barua ya kwanza kwa Wakorintho, ambamo Kristo anatawala mpaka adui wa mwisho, mauti, atakapobatilishwa. Lakini Paulo alikuwa anatazama mbele, kwenye siku ijayo. Mahubiri ya Masasi yalitazama zaidi chini, kwenye kaburi, na nyuma, kwenye asubuhi ya Pasaka.

Marejeo ya Kristo yalipewa majira ya Majilio, Jumapili nne kabla ya Noeli, ambazo masomo yake husimulia hukumu, ishara angani na watumishi wanaokesha. Huko kusini majira hayo huangukia mvua za kwanza, wakati ghala zimepungukiwa na kila mwenye nguvu yuko shambani kupanda mtama na mahindi, na katika miongo ya karibuni ni wakati ambao korosho zinaokotwa na kuuzwa. Kanisa huwa na nafasi nyingi wazi. Mfano ambao Paulo anautumia kuueleza mwili wa ufufuo, mbegu inayozikwa na kuota ikiwa na umbo jingine, ungeweza kufundishwa hapohapo shambani, lakini somo hilo haliko katika Majilio. Zaidi ya ratiba, ipo sababu ya kina. Tangu Augustino alipofundisha kwamba miaka elfu ya sura ya 20 ya Ufunuo ni muda wote wa Kanisa duniani na wala si utawala utakaokuja kwa tarehe fulani, Makanisa ya Magharibi yaliyo makubwa yamekuwa yakiutarajia mwisho bila kuuhesabu. UMCA na Wabenediktini waliirithi tahadhari hiyo. Walijenga makanisa ya mawe, hospitali na vyuo, na mtu anayejenga kwa mawe hahubiri kwamba dunia inaisha mwaka ujao.

Hata hivyo, mwisho wa dunia ulihubiriwa kuwazunguka, na katika miaka minne tu ulihubiriwa mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa katika vita vya Maji Maji. Kinjikitile Ngwale, aliyepagawa na roho wa Hongo huko Ngarambe na kunyongwa na Wajerumani Mohoro mwezi Agosti 1905, anakumbukwa zaidi kwa dawa ya kugeuza risasi kuwa maji; lakini masimulizi ya wazee yaliyokusanywa na mwanahistoria G. C. K. Gwassa yanaeleza pia kwamba watu walimiminika Ngarambe kwa tumaini la kukutana na ndugu zao waliokufa. Vita vilipofika kusini, Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini na wenzake waliuawa njiani kuelekea Liwale, Lukuledi na Nyangao zikachomwa, na mwishoni mwa Agosti stesheni ya Masasi nayo ikateketezwa baada ya wamisionari kukimbilia pwani. Huzungumzwa kana kwamba hapo Ukristo ulikabiliana na upagani. Ingekuwa sahihi zaidi kusema kwamba matumaini mawili juu ya wafu yalikutana, moja likiahidi kurudi kwa wazee wa koo sasa hivi, jingine likiahidi ufufuo wa wote siku isiyojulikana, na kwamba lile la kwanza ndilo lililokuwa na haraka.

Mara ya pili ilitoka upande wa Kiislamu. Mwaka 1908 ilisambazwa Lindi na vitongoji vyake barua iliyodaiwa kutoka Makka, yenye ndoto ya sheikh mlinzi wa kaburi la Mtume, ikionya kwamba kiyama kimekaribia na kuwataka Waislamu watubu na kujitenga na makafiri. Serikali ya Kijerumani, ambayo majivu ya Maji Maji yalikuwa hayajapoa mbele yake, ilishtuka na kuwasaka walioileta. Mara ya tatu ilikuwa ng'ambo ya ziwa, kwa Watonga wa Nyasa, ambako Elliot Kamwana, mfuasi wa mafundisho ya Watch Tower ya Mmarekani Charles Taze Russell, alibatiza watu wapatao 10,000 katika miezi michache ya 1908 na 1909 kwa kuhubiri kwamba mwaka 1914 zama mpya zitaanza na kodi ya wakoloni itakwisha, Waingereza wakamfukuza. UMCA, yenye makao mengine kisiwani Likoma katika ziwa hilohilo, iliyaona hayo kwa karibu. Si ajabu kwamba baada ya miaka hiyo mahubiri juu ya siku ya mwisho yalizidi kupungua katika misheni kongwe, kwa kuwa somo hilo lilikuwa limeanza kunukia uasi.

Mwaka 1914 haukuleta utawala wa Kristo bali vita. Wamisionari wa Kiingereza walikamatwa na Wajerumani, na kazi ya Masasi ikabaki mikononi mwa mapadri na walimu wa Kiafrika, akiwamo Kolumba Msigala, ambaye kumbukumbu zake ni miongoni mwa maandishi machache ya mwenyeji kuhusu miaka ile. Mnamo Oktoba 1917 mapigano ya Mahiwa, karibu na Nyangao, yaliua na kujeruhi maelfu. Kisha majeshi ya Paul von Lettow-Vorbeck yalirudi nyuma kwa kupitia Chiwata na Newala hadi kuvuka Ruvuma mwishoni mwa Novemba. Nyuma yao waliachwa wapagazi. Idadi ya wapagazi waliokufa upande wa Uingereza peke yake katika Afrika Mashariki nzima hukadiriwa kukaribia laki moja, wengi kwa njaa na kuhara, na walizikwa walipoangukia, ikiwa walizikwa. Swali la mwaka 1876 likarudi kwa kizazi cha pili: wafu wasio na kaburi la kutembelewa wanaombewa wapi? Misa ya marehemu, ambayo haihitaji kaburi wala mwili, ilikuwa na jibu, na katika Uingereza yenyewe vita hivyohivyo viliwafanya Waanglikana wengi waliokuwa wakiziogopa sala kwa marehemu wazikubali.

Dayosisi ya Masasi iliundwa mwaka 1926, na askofu wake wa kwanza, Vincent Lucas, ndiye aliyeyapeleka mafundisho ya ufufuo mahali ambapo hakuna mmisionari aliyethubutu kuyapeleka kabla yake, yaani ndani ya jando. Jando ni mafunzo ya wavulana yanayoambatana na tohara, na kwa maana yake ya ndani ni kifo: mwali huondoka kwa mama yake, hukaa porini kama asiyekuwapo, hupewa jina jipya na kurudi akiwa mtu mwingine ambaye hatakiwi kukumbushwa utoto wake. Lucas aliona kwamba sura ya 6 ya barua kwa Warumi, ambamo ubatizo ni kuzikwa pamoja na Kristo na kuinuka pamoja naye, inasema jambo lenye umbo hilohilo, na badala ya kulipiga marufuku jando aliliweka chini ya Kanisa. Padri alikaa na wali, maungamo na komunyo vikaingizwa katika ratiba, na msalaba ukachukua nafasi ya mti wa matambiko. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyelichunguza jambo hili katika insha iliyochapishwa mwaka 1972, alionyesha kwamba mpango huo haukuwa zawadi ya askofu peke yake, kwa kuwa mapadri na wazee wa Kiafrika waliubishania na kuuelekeza, na kwamba ulipokewa vizuri kwa Wayao na Wamakua kuliko ulivyofanikiwa uwandani.

Lucas anastahili sifa anazopewa, lakini mpango wake ulikuwa na matokeo ambayo sifa hizo huyapita haraka. Ufufuo ulipofungwa katika jando na ubatizo ukawa jambo lililokwisha kutokea: mwali amekufa, ameinuka, amerudi nyumbani. Wanateolojia huita msisitizo huo eskatolojia iliyotimia, yaani mtazamo kwamba mambo ya mwisho yameshaingia katika maisha ya sasa, na unapatikana hasa katika Injili ya Yohana, ambamo Yesu anamfundisha Martha kwamba ufufuo si tukio la siku ya mwisho peke yake bali umesimama mbele yake. Injili hiyohiyo, hata hivyo, inabakiza saa ijayo ambayo waliomo makaburini wataisikia sauti. Jando la Kikristo lilikuwa na nafasi kubwa kwa Yohana wa kwanza na nafasi ndogo sana kwa wa pili.

Wakati huohuo majirani walikuwa wakiingia Uislamu. Kati ya Maji Maji na miaka ya 1930 sehemu kubwa ya vijiji vya kusini mashariki ilisilimu, na Newala ikawa nchi yenye Waislamu wengi. Jambo hili liliathiri tafsiri ya Wakristo kuliko wanavyokiri, kwa sababu katika Uislamu ufufuo, hesabu na kurudi kwa Nabii Isa kumwangamiza Dajali ni mambo yanayosemwa waziwazi na mara kwa mara, na familia nyingi zina ndugu wa pande zote mbili wanaokutana matangani. Mkristo aliyemsikia shehe akieleza kiyama kwa utaratibu wake, ishara ndogo kwanza na kubwa baadaye, alirudi kanisani na kukuta somo hilo limeelezwa kwa ufupi na kwa haya.

Wakatoliki walipata nafuu fulani kutoka mbali. Mkesha wa Pasaka, ambao kwa karne nyingi ulikuwa ukiadhimishwa Jumamosi asubuhi mwanga wa jua ukiufuta mwanga wa mshumaa, ulirudishwa usiku na Papa Pius wa XII kuanzia mwaka 1951, na kwa moto wake mpya na ubatizo wa wakatekumeni umekuwa katika parokia za kusini ibada inayokesha kweli. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, misale ya mwaka 1969 iliingiza katikati ya kila misa tangazo la waumini linalounganisha kifo cha Kristo, kufufuka kwake na kuja kwake tena. Kwa maneno machache hayo fundo la Paulo lilifungwa upya, angalau midomoni.

Ulinganisho na Kenya unasaidia kupima umbali wa njia hizi. John Mbiti, Mkamba na padri wa Kianglikana, alichapisha mwaka 1971 uchunguzi wake juu ya eskatolojia ya Agano Jipya katika mazingira ya Ukambani, ambako misheni kuu ilikuwa ya Kiinjili ya Africa Inland Mission. Huko aliwakuta waumini waliofundishwa kumngojea Yesu karibu sana, na mbingu ikafahamika kama nchi nzuri ya kuhamia, wakati habari za sakramenti na za ushirika na waliotangulia zilikuwa haba. Mbiti alilalamika kwamba wamisionari hao waliwapa Wakamba kesho isiyoshikamana na chochote. Masasi ilikuwa kinyume chake: ilikuwa na waliotangulia, ilikuwa na sakramenti, na kesho ndiyo iliyokuwa haba.

Kesho hiyo ililetwa na wengine. Waadventista Wasabato, waliotokana na kundi la Mmarekani William Miller lililomngojea Kristo bure tarehe 22 Oktoba 1844, walianza kazi Upare mwaka 1903. Wapentekoste walianza nyanda za juu za kusini kabla ya Vita Kuu ya Pili, na tangu miaka ya 1980 makanisa yao yameenea mijini na katika vituo vya barabarani, Masasi na Newala zikiwamo. Wengi wa wahubiri wao hufuata mpangilio wa John Nelson Darby, mhubiri wa Kiingereza wa karne ya 19, uliosambazwa na Biblia yenye maelezo ya C. I. Scofield ya mwaka 1909: Kristo atawanyakua kwanza walio wake kwa siri, ndio unyakuo, itafuata dhiki kuu ya miaka saba chini ya Mpinga Kristo, kisha atarudi hadharani kutawala miaka elfu. Fungu la Wathesalonike ambalo Masasi ililisoma kwa miaka mia moja kama faraja kwa wafiwa sasa linasomwa kama onyo kwa walio hai. Wasomi wengi wa Biblia huona kwamba unyakuo wa siri haumo katika fungu hilo, lenye tarumbeta na sauti ya malaika mkuu, na hoja yao ni nzito. Pamoja na hayo, wahubiri hao wamekirudisha kitu ambacho Makanisa makongwe yalikiacha kilale, na vijana wanaowafuata hawafuati ramani ya nyakati tu. Wanafuata pia Kanisa linalosema kwamba jambo fulani bado halijatokea.

Mgongano wenyewe huonekana zaidi msibani kuliko mimbarini. Rais mstaafu Benjamin Mkapa, Mkatoliki aliyesoma Ndanda, alipofariki Julai 2020 alirudishwa kuzikwa kijijini kwake Lupaso, wilayani Masasi, kwa taratibu zinazotambulika na kila familia ya huko: mwili kurudi nyumbani, misa, kaburi miongoni mwa jamaa. Baada ya kaburi huja siku za kumbukumbu, arobaini au mwaka, ambazo Wakristo wa kusini wanazitumia karibu sawa na Waislamu wenzao, tofauti ikiwa katika dua au misa inayosomwa. Hapo ndugu hutofautiana kwa mafundisho. Mwanglikana na Mkatoliki hulipeleka jina la marehemu altareni. Msabato na Shahidi wa Yehova hufundisha kwamba mfu hajui lolote mpaka ufufuo, hivyo hakuna wa kuombewa. Mpentekoste husema kwamba hali ya marehemu ilikwisha kuamuliwa alipokata roho. Wote hula pamoja ugali wa siku hiyo, na kinachobishaniwa kabla ya kupakua ni nani atasimama kusali na kama jina litatajwa, jambo ambalo kwa kawaida huamuliwa na wajomba.